Kalmurat Arudi Barabarani

Hapa kwetu Naryn, mji wa milimani, ukilitaja jina la Kalmurat mbele ya madereva wa zamani, wanaacha kutafuna. Huyu ndiye aliyeleta mizigo kutoka Kashgar hadi Bishkek miaka nenda miaka rudi, akivuka njia ya mlimani ya Torugart siku ambazo wenzake walikuwa wamefunga minyororo kwenye matairi na bado wanamwomba Mungu. Alibeba viatu, mazulia, televisheni, chupa za chai. Watu walisema lori lake linajijulia njia. Yeye alikataa. Alisema lori ni chuma tu, kinachojua ni sikio la dereva: injini ikiimba hivi, badili gia, ikikohoa hivi, simama ukaangalie.

Kisha presha ya macho ikamjia. Ilianza kama ukungu wa pembeni, ukawa unasogea katikati kidogo kidogo. Siku moja aliliegesha lori nje ya nyumba yake, akazima, akamkabidhi mkewe Burulcha funguo.

"Liuzwe," alisema. "Kesho nitamgonga mtoto wa mtu."

Hakutoa chozi. Aliyelia ni Burulcha, maana naye alikuwa mtu wa lori lile. Watoto wao walipoanza kujitegemea, alikuwa akipanda naye, anaketi kuliani kwake, anammenyea mayai na kumwonya juu ya mawe yaliyoporomoka.

Mimi naitwa Anarkan. Nina ukumbi wa gemu, mlango kwa mlango na duka la mikate. Majira ya baridi Burulcha alikuwa akimwacha mumewe kwenye benchi langu karibu na jiko la makaa, yeye aende kupanga foleni ya mkate. Kalmurat anakaa, mikono juu ya fimbo, anasikiliza vijana wakipigana kwenye skrini. Siku ya kwanza nilidhani kelele zinamchosha.

"Anarkan," akaniita, "huyu mwenye buti nzito, mbona kila akitaka kuruka anavuta pumzi kwanza?"

Nikaangalia. Kweli anavuta. Miaka yote nimekaa na gemu hiyo sikuwa nimesikia.

Syrgak, kijana wetu wa teksi ambaye mdomo wake haujui likizo, akageuka. "Baike," akasema, ndivyo tunavyomwita mwanamume aliyetuzidi umri, "unataka pedi ya kuchezea au unataka mto ulale?"

"Nipe pedi. Mto uchukue wewe, maana utaanguka."

Ukumbi mzima ukacheka. Alipigwa siku hiyo, akapigwa na siku zilizofuata. Lakini alikuwa anajifunza: ngumi ya juu ina mlio wake, teke la chini lina wake, na mtu akirudi nyuma viatu vinakwaruza. Kabla theluji haijawa nzito, Syrgak alikuwa anatafuta visingizio. Mara pedi mbovu, mara jasho la mikono.

Tatizo halikuwa pambano. Lilikuwa menyu. Kabla ya kupigana lazima uchague gemu, uchague mpiganaji, uchague uwanja, na hayo yote ni maandishi na picha, hayana sauti. Ilibidi kila mara aombe. "Nichagulieni yule wa buti." Siku moja Syrgak akamchagulia kikongwe mwenye ufagio, mpiganaji dhaifu kuliko wote, aliyewekwa mle kwa kuchekesha tu. Vijana wakaangua kicheko. Kalmurat alipigana naye mpaka mwisho, akashindwa, akaweka pedi mezani taratibu.

"Kupigwa si neno," alisema. "Lakini hata mlango ninaoingia sijui ni upi. Nafunguliwa kama mbuzi."

Akainuka, hakuja tena. Syrgak alijaribu kucheka, hakuna aliyemfuata.

Baridi ilikuwa imekolea ile siku mashine ilipodai sasisho. Wateja wangu wanachukia sasisho kuliko umeme kukatika. Mashine inajifunga, mstari unatambaa kwenye skrini kama konokono, wao wanakaa na pedi zilizokufa mikononi.

"Eje," wakaniita, yaani dada mkubwa, "imeanza tena kula intaneti yetu!"

"Iacheni ile, itashiba."

Ilipomaliza ikajizima, ikajiwasha, ikaniuliza maswali mapya ambayo sikuwahi kuyaona. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale, kama tunavyobonyeza sote ili mambo yapite. Mara sauti ya mwanamke ikatoka, Kirusi safi kama cha mtangazaji wa redio:

"Menyu kuu. Michezo."

Nikasogeza kidole. "Mipangilio," ikasema. Nikasogeza tena. "Mwanga wa skrini."

"Zima huyo mama!" Syrgak akapiga kelele. "Hatuna mke hapa!"

Nikanyoosha mkono nizime. Mkono ukanigandia hewani. Nikamtazama Syrgak, na yeye akanitazama, na nadhani tuliwaza kitu kimoja wakati mmoja, kwa sababu alifunga mdomo. Nikachukua koti langu, nikaenda kwa kina Kalmurat.

Hakutaka kuja. Nilimwambia ni jambo la mashine, siwezi kulieleza, lazima alisikie. Akaja kwa heshima tu, Burulcha amemshika kiwiko. Nikamkalisha, nikampa pedi. Akasogeza kidole gumba.

"Michezo," ikasema sauti.

Kidole kikasimama. Akasogeza tena.

"Mipangilio."

Kalmurat alivua kofia yake ya manyoya, akaiweka magotini, kama mtu aliyeingizwa kwenye nyumba ya watu wakubwa.

"Nani huyo?"

"Ni mashine, baike."

"Mashine hii ilikuwa bubu."

"Imejifunza kusema."

"Nani kaifundisha?"

"Sijui. Watu wa mbali huko, walioitengeneza. Wameleta kwa njia ya intaneti."

"Wananijua?"

"Hawakujui, baike."

"Basi wamejuaje?"

Nikamsogezea kiti karibu na mashine.

Alasiri ile yote hakucheza gemu yoyote. Alitembea kwenye menyu. Alifungua mlango huu, akafunga, akafungua ule, akarudi alikotoka makusudi ili aone kama utakuwa bado uko pale. Kirusi alikipata jeshini zamani, na alijibizana na yule mama kama wenzake wa kambi: "Haya, niambie! Eee, nimekuelewa." Alipofika kwenye mwanga wa skrini akaupunguza mpaka giza likaingia.

"Baike, hatuoni kitu!" vijana wakalalamika.

"Karibuni," akasema.

Aliyecheka sana kuliko wote ni Burulcha.

Ni katika matembezi hayo, siku chache baadaye, alipoingia dukani. Namaanisha duka la ndani ya mashine, ambako gemu za zamani huongezewa vipande vipya. Yule mama akawa anasoma. Nyongeza ya gemu fulani: mavazi. Nyongeza nyingine: silaha. Kisha akasoma ya gemu ya malori, ambayo Syrgak aliicheza kila siku kana kwamba teksi haimtoshi. Nyongeza ya njia za milimani, wakati wa baridi. Na uendeshaji kwa kusikia.

Kalmurat akairudisha. Sauti ikasoma tena. Akairudisha tena.

"Anarkan, huyu mama amesema nini mwishoni?"

Nikasogea nikasoma kwa macho yangu. "Amesema unaweza kuendesha kwa kusikia."

Nikabonyeza kuinunua kabla hajapata neno.

Intaneti yetu mnaijua. Nyongeza ilishuka kwa mwendo wa maziwa yanayoganda. Burulcha alikuja kumchukua akakataa kuinuka.

"Keti," alimwambia mkewe. "Lori linapakiwa."

Syrgak alikuwa ametoweka. Aliporudi alikuwa na usukani wa kuchezea kwapani, na pedali zake zinaning'inia kwenye waya. "Wa kaka yangu," alisema, hamwangalii mtu. "Pedi si ya dereva." Akaufunga kwenye meza, akapiga goti chini, akazisukuma pedali mpaka zikagusa miguu ya Kalmurat. "Hii mafuta, baike. Hii breki."

"Najua breki ni ipi," Kalmurat akasema, lakini kwa upole.

Akawasha. Injini ikanguruma kwenye spika mbili nilizoziweka kila upande wa meza, na nikaona shingo ya yule mzee ikinyooka. Kona ya kushoto ikikaribia, kengele ndogo inalia kushoto. Kona ikiwa kali, kengele inaharakisha. Tairi likiacha lami, changarawe inasikika upande ule ule. Mara ya kwanza alitumbukia korongoni, tukaguna sote. Mara ya pili aligonga ukuta wa theluji. Alicheka mwenyewe, akafuta mikono kwenye suruali.

Mara ya tatu alisikiliza injini kwanza, lori likiwa limesimama. Ndipo akaondoka.

Burulcha akasogeza kiti chake, akaketi kuliani kwa mumewe. Hakuna aliyemwambia.

"Kuna jiwe," alisema baada ya muda.

"Kubwa?"

"Kama ng'ombe aliyelala. Kulia."

"Nimelisikia. Upepo umelipiga."

Wakapanda. Kona baada ya kona, kengele hapa, kengele pale, gia inashuka, injini inavuta pumzi. Niliona mashine nyingine zinanyamaza moja moja, vijana wameacha gemu zao, wamesimama nyuma ya kiti chake bila kugusana. Nimekaa na skrini hizi sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilikuwa nikidhani ni taa tu zinazochezesha watoto. Siku ile mtu asiyeona alikuwa anatupitisha mlimani, na sisi wenye macho ndio tuliokuwa tumebana pumzi.

Barabara ikanyooka. Kengele zikakoma. Upepo ukasikika pande zote. Kalmurat akafunga breki, akazima injini.

"Mbona umesimama, baike?" Syrgak akauliza kwa sauti ya chini.

"Kileleni dereva husimama. Wewe nani alikufundisha teksi?"

Akafungua viganja mbele ya uso, akaomba kimoyomoyo, akavishusha usoni kama tunavyofanya. Nilijikuta nami nimeinua vyangu. Wote walikuwa wameinua.

"Burulcha. Kuna nini mbele?"

"Bonde," akasema mkewe. "Mto umeganda. Ng'ambo kuna milima, na nyuma yake mingine, na nyuma yake mingine tena."

"Jua?"

"Linapiga theluji. Siwezi kuangalia sana."

"Usiangalie sana. Utaharibu macho."

Mtu mmoja aliangua kicheko, halafu Burulcha mwenyewe akacheka huku machozi yakimtiririka, akampiga mumewe begani. Kalmurat akawasha injini.

"Nyamazeni sasa," alisema. "Kushuka ndiko kazi."

Akashuka. Aliteremka kwa gia nzito, hakuchoma breki, akaingia kwenye yadi ya mizigo, na yule mama wa Kirusi akatangaza kwamba mzigo umefika salama. Aliendelea kuushika usukani. Hatukumharakisha.

Habari ilienea. Siku hizi wanakuja wasioona wengine, mmoja anatoka At-Bashy kwa basi la asubuhi, na Kalmurat anawafundisha kwa ukali wa dereva wa zamani. Syrgak hujifunga kitambaa machoni ashindane nao, na bado hajatoka korongoni. Sasisho likija, hakuna anayenung'unika tena. Wanakaa wanangoja wasikie imejifunza nini.

Mwezi uliopita ilitoka nyongeza nyingine, ya jangwa. Kalmurat aliisikiliza ikisomwa, akatikisa kichwa. Mchanga hana habari nao, alisema, yeye ni mtu wa mlima, msimsumbue. Kesho yake nilifungua mlango nikamkuta yeye na mkewe wamenitangulia kizingitini, na kabla chai haijachemka lori lilikuwa limezama mchangani hadi ekseli, Burulcha anamtukana, na yeye anamwuliza yule mama wa Kirusi koleo liko wapi.