Ukurasa wa Mshonaji

Mpaka siku yake ya mwisho darasani, mshonaji yule hakuacha kulamba ncha ya kidole kabla ya kubonyeza kitufe, kama anayetaka kutunga uzi kwenye sindano. Wenzake katika darasa langu la kompyuta walikuwa wakimtania, "Mama, kitufe hakichomi!" Naye hujibu bila kuinua macho, "Nyie hakijawachoma bado."

Alikuja kujifunza kwa ajili ya ukurasa mmoja tu wa mtandaoni: picha ya mwanawe aliyeondoka nyumbani kwa hasira na kuzima simu, na chini yake, "Rudi. Baba yako hana hasira tena." Lakini kila alipoufungua kwenye kivinjari alikuta msimbo mtupu, mabano na alama, bila picha. Akawa anausoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea juu ya kioo kana kwamba kinatafuta mshono uliofumuka. Siku hiyo ya mwisho niliinama kando yake. Programu ya kuandikia ilikuwa imelihifadhi faili kama maandishi ya kawaida. Nikabadilisha mwisho wa jina la faili, akabonyeza mwenyewe, na kijana akatokea, anacheka. Mama akapangusa kioo kwa ukingo wa mtandio.

"Sasa ataniona," alisema.

Nikamweleza taratibu kwamba ukurasa uko ndani ya mashine hii tu, na mtu wa nje hawezi kuuona mpaka tuupeleke mtandaoni katika kozi inayofuata. Akaitikia kwa kichwa, akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka.

"Basi usiizime, mwanangu. Asije akapita akakuta giza."