Mnyororo Mmoja na Mke Mwenzangu

Mnyororo wa kwanza kuingia nyumbani kwetu Ngorongo ulikuwa wa fedha, na haukuwa wangu. Mume wangu alikwenda pwani kuuza nta, akarudi na mkufu, akamvisha mke mwenzangu pale uani huku mimi natazama. Mimi aliniletea kaniki, kitambaa cheusi cha kuvaa shambani. Nilikuwa mke mkubwa, mwaka wa nne sijazaa, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani kutoka milimani upande wa kusini. Yeye alikuwa mtu wa Dimani, mdogo wangu kwa miaka mingi, mwenye shingo ndefu, na alijua kwamba ana shingo ndefu. Tangu siku ile sikumsemesha. Kila mmoja alipika kwenye mafiga yake, na likitokea jambo la lazima tulimtuma mama mkwe.

Mama mkwe naye hakupenda kuutazama ule mkufu. Alizaliwa bara, mbali sana, na alipokuwa msichana aliletwa Kilwa kwa miguu pamoja na wengine, wote wamefungwa shingoni kwa mnyororo mmoja, wakauzwa. Chini ya sikio alikuwa na kovu lililong'aa kama ngozi ya mjusi. Nilimuuliza habari zake mara moja tu, akanijibu nichekeche unga wangu.

Kisha ikaja pamba. Mdachi mmoja, Mjerumani, alifika na akida aliyewekwa na Serikali kututawala, nyuma yao watu wawili wanakokota mnyororo mwembamba wa kupimia ardhi. Ulipolazwa ndipo palipokuwa mpaka, na nusu ya mpunga wetu ikawa upande wa Serikali. Siku zetu za kulima zikawa siku za pamba, na aliyechelewa alilazwa chini akachapwa kiboko. Mume wangu alichapwa mara mbili. Basi habari za maji ya dawa ziliposhuka kutoka kwetu milimani, kwamba anayeyanywa risasi haimdhuru, yeye alikuwa wa kwanza kwenda kunywa. Yeye na wenzake wakaing'oa pamba yote, wakaichoma nyumba ya akida, wakavuka mto na kuingia porini. Hakuniaga. Kama alimuaga mwenzangu sijui, maana hatukuwa tunasemeshana.

Askari walikuja siku ya sita, asubuhi, wakati umande haujakauka. Wanaume hawakuwapo. Walichoma maghala, kisha wakakamata wanawake ambao waume zao walitajwa na akida. Tulikuwa wanane. Walitukalisha chini, wakatandaza mnyororo wenye pete za chuma, wakaanza kutufunga mmoja mmoja. Mimi nilipata pete ya tatu. Mwenzangu ya nne.

Askari aliyemfunga aliukata kwanza ule mkufu wa fedha kwa kidole, akautia mfukoni, ndipo akaibana pete ya chuma mahali pale pale. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: shingo yangu imo ndani ya chuma, nyumba yangu inaungua, nami nikafurahi.

Mama mkwe hawakumchukua kwa uzee wake. Alitufuata hadi mwisho wa mashamba, na askari walipomsukuma hakulia wala hakuomba. Alichana kanga yake vipande viwili, akaja akavisokota ndani ya pete zetu, changu kwanza, kisha cha mwenzangu. Alitwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeelekeza njia ya sokoni:

"Tembeeni hatua moja. Mkivutana mtachubuka, na kidonda cha shingo hakiponi njiani. Mimi najua."

Siku ya kwanza nilimvuta makusudi. Nilikuwa mbele yake, nikiharakisha kidogo tu, chuma kilimkamata koromeo akakohoa. Siku ya pili naye akajifunza: nilipotaka kutembea yeye alisita, nikarushwa nyuma kama mbuzi. Hivyo ndivyo tulivyoshuka na bonde la Rufiji, tukiadhibiana kimya kimya, na askari hawakuwa na habari. Tulipopita Umwe watu walitutazama kutoka milangoni, wakafunga milango. Nilipokuwa mtoto baba yangu alikuwa akisoma silsila ya masheikh wake, jina hili limetoka kwa hili, na kutufundisha kwamba silsila maana yake ni mnyororo. Njiani nilijaribu kuyasoma yale majina ili nisiwaze kitu kingine. Nilifika jina la tano nikasahau.

Asubuhi ya siku ya tatu mwenzangu alitapika. Akatapika ya nne pia, na ya tano. Hakuna aliyeniambia kitu, lakini unapokuwa umefungwa na mtu shingo kwa shingo unajua hata anapomeza mate. Nilijua ana mimba. Siku ile nilianza kutembea polepole. Sikufanya kwa upendo. Nilimwogopa Mungu.

Boma la Wadachi tulikopelekwa lilikuwa huko deltani, kando ya mkono mmoja wa mto, pamezungukwa na mikoko. Harufu ya tope haikukoma. Tulitwanga mtama wa askari toka kucha hadi kuchwa kwa jua, pete zikiwa shingoni, wanane tunainua michi kwa pamoja kwa sababu haikuwezekana vinginevyo. Waume wa wenzetu wawili walikuja kujisalimisha. Kila mmoja alipokuja, mkewe alifunguliwa, naye mume akavishwa pete ile ile iliyobaki wazi. Mmoja wao alinyongwa. Baada ya hapo hakuja mtu kwa muda mrefu, na sisi tuliobaki tuliacha kutazama njia.

Wa kwetu alikuja mchana wa Ijumaa. Amekonda, mguu una jeraha la risasi. Maji hayakuwa yamemsaidia. Aliweka gobori lake chini mbele ya akida, akasema amekuja kuwachukua wake zake. Akida alitazama daftari, akacheka.

"Mwanamume mmoja, mwanamke mmoja. Tukufungulie yupi?"

Mume wangu alitazama chini. Sitasema uongo kwamba alichelewa kujibu. Hakuchelewa.

"Mdogo," alisema.

Walimfungua. Mwenzangu alisimama akajishika shingo, hakunitazama, akaondoka anapepesuka. Mume wangu akapiga magoti, wakambana yeye katika pete ya nne, nyuma yangu, bado ina jasho la mkewe.

Siku tisa nilifungwa na mume wangu. Siku mbili za kwanza sikufungua kinywa. Ya tatu alianza yeye, akaniambia kwamba mwenzangu ana mimba. Nilimwambia najua tangu njiani. Akasema basi nimwelewe. Nikamuuliza, kama ningekuwa na mimba mimi angenichagua? Alifikiri, na hilo lilikuwa jibu tosha, nikamwambia asijisumbue kulisema.

Siku ya tisa walikuja kuwatenga wanaume wapelekwe kukata boriti mikokoni. Alijua hatarudi, maana jeraha lilikuwa limeoza. Aliongea haraka:

"Mtoto akizaliwa, wa kike au wa kiume, shamba la bondeni ni lake. Mwambie mama yake. Wewe ndiye shahidi wangu. Na unipe radhi."

Nilisema nimesikia. Radhi sikumpa. Wiki iliyofuata tuliambiwa amekufa topeni, na wenzake walimkokota mnyororoni mpaka jioni kwa kuwa mwenye ufunguo alikuwa ng'ambo.

Sisi wanawake tulifukuzwa bomani masika yalipoanza, kwa sababu mtama ulikwisha. Nilirudi Ngorongo peke yangu nikila mizizi. Mama mkwe alikuwa amekufa kwa njaa. Mwenzangu nilimkuta kibandani, tumbo limetangulia mwili. Aliniuliza kama mume wetu aliacha neno lolote. Aliniita dada, kwa mara ya kwanza.

"Hakuacha," nilimwambia.

Tulikaa eda kila mmoja pembe yake, eda yake ikaisha alipojifungua. Alizaa mtoto wa kike, na alipopata nguvu alimbeba akarudi kwao Dimani. Shamba la bondeni nililima mimi, lile lenye udongo mweusi ambalo mto hulinywesha kila mwaka, hata nilipohamia Kibiti. Mwenzangu amekufa zamani, bila kujua.

Yule binti sasa ni mama wa watu. Mwaka juzi alikuja kunisalimu, akaniita mama mkubwa, akaniuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa jasiri na mwenye mguu mbovu. Nilimpikia wali wa mpunga wa lile shamba. Alikula akasifu, akataka mbegu. Nilimpimia pishi mbili, nikamfungia vizuri, nikamsindikiza mpaka barabarani, na hapo pia sikumwambia.