Mbuzi Aliyenirudisha kwa Mama

Juzi, stendi ya Singida, nilimwona mzee akila nyama ya mbuzi, mafuta yakimchuruzika mpaka kwenye koti lake la mtumba, nikageuza uso. Hivyo ndivyo walivyokula wazee wa ukoo mchana ule wa utotoni mwangu, nyumbani kwa mama, baada ya Bibi kunitetea mpaka sauti ikamkauka.

“Mtoto arudi kwa mama yake,” alisema. “Kufiwa na mume si kosa.”

“Arudi,” alijibu baba mkubwa, aliyenichukua tulipomzika baba, “lakini kwanza mama yake atoe mbuzi, tule.”

Wakamchinja mbuzi pekee wa mama. Nilidhani ni karamu ya kunipokea. Nililamba mchuzi vidoleni huku wao wakicheua na kuchokonoa meno. Mama alikaa jikoni, hakugusa hata mfupa. Nilidhani ameshiba.