Orodha Mlangoni

Dada yangu ni mtakwimu wa ofisi ya elimu, na ana hasira za karibu. Mwaka juzi alipiga hesabu za kubashiri wanafunzi walio hatarini kuacha shule. Akawaita walimu wakuu, akapanga vizibo kumi vya soda mezani, akaondoa saba.

"Wanafunzi kumi wa aina hii, saba huacha," aliwaambia. "Ni yupi na yupi, hesabu haijui. Nawapa majina muwashike mkono mapema."

Wakaitikia kwa vichwa, watu wazima wenye vyeti, wakamaliza chai yake na kuondoka na orodha.

Mwaka huu alikwenda shule mojawapo kuona kilichotokea. Mwalimu mkuu alimpokea kwa bashasha, akamfutia kiti.

"Mama, hesabu zako ni kiboko. Ulituandikia ishirini, na wote ishirini wameondoka."

"Nilisema saba katika kila kumi," dada alijibu. "Sita walitakiwa wawepo. Mliwafanya nini?"

"Tuwafanye nini tena? Tuliwahamishia madawati ya nyuma, vitabu tukawapa wa kubaki. Kwenye mtihani hatukuwasajili. Ya nini kuhangaika na mtu wa kuondoka?"

Dada alitoka bila kuaga. Njiani akaikuta ile orodha ingali imebandikwa kwenye mlango wa darasa, mahali ambapo wale watoto waliisoma kila asubuhi wakiingia. Akaibandua kwa kucha, kipande kwa kipande. Kipande cha mwisho kilikuwa na sahihi yake.