Nilivunja ukuta wa nyumba ya kupanga Butembo, nikamfukuza mama aliyekwisha kukimbia vita

Wakuu, kosa nitakalolieleza hapa ni langu mwenyewe: kiburi cha mtu aliyesoma. Sitalipamba wala sitalipunguza.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilifundisha sekondari Butembo, nikipanga katika jengo la orofa la mfanyabiashara mmoja. Mkataba ulikataza kugusa ukuta wowote bila idhini yake.

Juu yangu aliishi Mama Masika, mjane, na watoto wake watatu. Walikuwa wamekimbia kutoka Beni kwa miguu.

Binti yangu alikuwa anaposwa. Kwetu Wanande, koo mbili hukaa zikitazamana wakati wa kujadili mbuzi wa mahari. Salon yangu, yaani sebule, bahati mbaya iligawanywa na ukuta wa matofali na udongo.

Wakati huo familia nyingi zilikuwa zimejenga kuta za namna hiyo ndani, ili ndugu waliokimbia wapate pa kulala. Nikahitimisha kwamba na wangu ni wa aina hiyo, nikaita vibarua wauvunje bila kumuuliza mwenye nyumba. Sikuwaza kwamba barabara zilipofungwa na saruji ikakosekana, wajenzi walitumia udongo uleule hata kwa kuta za kubeba jengo.

Mama Masika alisikia nyundo, akashuka.

"Mwalimu, huu ukuta haiko ya kutenga tu, iko nabeba. Kitanda ya batoto iko juu yake kabisa."

"Mama, mimi ninafundisha fizikia."

"Lakini ile fizikia yako, ulisha kulala juu yake?"

Vibarua wakacheka. Nikawaamuru waendelee.

Saa tisa mchana boriti ilipasuka kwa mlio mkali, hata wapita njia wakalala chini wakidhani ni bunduki. Sakafu ya mbao ikainama, watoto wakiwa juu yake, wakilia.

Seremala wa ng'ambo ya barabara aliingia na miti ya mkaratusi aliyoinunua kwa ajili ya nyumba yake, akaanza kuisimamisha chini ya boriti.

"Batoto, mushuke moja-moja, pole-pole. Weye mwalimu, shika huu muti. Usiseme kitu."

Watoto wote watatu walitoka wazima.

Lakini chumba chao hakikukalika tena. Mama Masika alifunga godoro lake, akaniambia bila kupaza sauti:

"Ku Beni balitufukuza na masasi ya bunduki. Huku, ni weye."

Akaelekea Kalunguta, ambako hakukuwa na amani yoyote. Sijasikia habari zao tangu siku hiyo.

Posa ilifanyika kwa shemeji yangu. Tulikula, tukacheka. Hakuna aliyemuulizia Mama Masika, nami sikumtaja.

Nilichojifunza ni hiki: elimu isiyokubali kuulizwa na jirani ni hatari kwa jirani huyo. Aliyewahi kuumiza watu kwa kujiamini aandike hapa chini. Anayetaka kunilaumu naye aandike; nitasoma yote.

Yule seremala sikumuuliza hata jina. Niliambiwa na wengine baadaye: Paluku.