Mwisho wa Mchezo kwa Kiswahili cha Mama

Baba yangu ni polisi mstaafu, mtu wa kaskazini, na miaka yote aliyokaa Kampala hajawahi kukielewa Kiganda cha jukwaani. Cha sokoni anakimudu. Pale Ggaba anaweza kubishana bei ya samaki mpaka muuzaji anune. Lakini waigizaji wakianza kuimba na kurushiana mafumbo, yeye hubaki kutazama midomo. Ndiyo maana Mama alikaa kushoto kwake siku zote, akimnong'onezea Kiswahili sikioni huku watu wa nyuma wakisonya.

Mama alizaliwa Nateete, na Kiswahili alikipata kwenye ndoa. R na L zilimchanganya mpaka mwisho. Kila mwaka msimu wa tuzo za michezo ya jukwaani ulipofika na watazamaji kuombwa kuchagua kwa simu, alitangaza sebuleni, "Leo tunapiga kula!" Baba naye hakukosa jibu: "Utapiga kula na nini? Kijiko?" Tulicheka kila mwaka kama ndiyo mara ya kwanza.

Nyumbani kwetu Kisugu kila mtu alikuwa jaji. Baba alipima mchezo kwa wapiga ngoma tu; ngoma ikilegea, basi, hata uimbe vipi. Mama alitazama gomesi, lile vazi refu la heshima la wanawake. Mwigizaji akifunga mshipi vibaya, hasamehewi hadi pazia lishuke. Kuhusu michezo ya zamani inayorudishwa jukwaani, Mama alisema ni kama katogo ya jana: ukijua kuipasha moto inanoga kuliko ilivyonoga jana. Baba alisema katogo ya jana ni ya jana.

Lakini kulikuwa na mchezo mmoja ambao Baba hakukubali ubishiwe. Ulikuwa wa nyimbo tangu mwanzo hadi mwisho: mume anaondoka, anakaa huko miaka, halafu siku moja anarudi na kusimama mlangoni. Mkewe anashika mlango, anaimba wimbo wa mwisho, taa zinazima. Baba aliuona alipokuwa ndiyo kwanza amerudi nyumbani, baada ya kuhamishwa vituo vya mbali ambako hata likizo ilipotoka hakuja. Mimi nilikuwa mdogo, niliachwa kwa bibi. Mama hakuwahi kumgombeza kwa miaka ile, wala kumwambia amemsamehe. Baba hutusimulia mpaka leo: "Mama yenu hakusema kitu. Lakini ile wimbo ya mwisho ilisema. Nikajua nimefika nyumbani." Wimbo wenyewe Mama aliuimba jikoni, kwa Kiswahili chake, na hivyo ndivyo nilivyoujua.

Mama alifariki mwaka jana. Mwaka huu tukasikia mchezo ule unarudishwa na waigizaji vijana. Baba akapiga pasi shati Jumapili asubuhi bila kuniuliza kama nina nafasi. Nikakaa kushoto kwake.

Nilitafsiri vizuri tu, nikijisikia fahari, mpaka wimbo wa mwisho. Yule dada aliyeigiza mke alishika mlango, akaanza kuimba, na mimi nikakwama. Maneno hayakuwa yale ya jikoni. Alikuwa anaimba: mlango huu uliufunga mwenyewe siku ile, rudi ulikotoka.

Baba akanigusa kiwiko. "Anasema nini?"

Nikampa maneno ya Mama, yote, kama nilivyoyajua. Sijamaliza, yule dada akaubamiza mlango kwa mikono miwili. Ndipo taa zikazima.

"Mbona anafunga?" Baba alisema kwa sauti ya kituoni. "Hawa watoto wameharibu mchezo! Huyu mama alikuwa anafungua!"

Mama mmoja wa makamo mbele yetu akageuka. Akasema kwa Kiganda, kwa upole kabisa, kwamba aliuona mchezo huu tangu zamani na hakuna neno lililobadilishwa. Zamani taa zilizima kabla ya mlango kufungwa, basi.

"Anasema nini?" Baba akauliza tena.

"Anasema hata yeye hajapenda, Baba. Wamebadilisha mwisho."

"Umeona? Asante sana, mama. Wewe unajua mchezo."

Yule mama alinitazama. Sijui Kiswahili alikielewa kiasi gani, lakini alimwitikia Baba kwa kichwa, akageukia mbele. Nilikaa pale nikimpenda mama yangu mpaka kifua kikauma. Maneno yale makali yalikuwa yake kwa haki, na mtu aliyestahili kuyasikia alikuwa amemtegea sikio. Naye siku ile ya kwanza akayageuza pale pale, gizani, mstari kwa mstari.

Mwezi uliofuata tulitazama tuzo kwenye televisheni, mimi na Baba na bakuli la karanga. Kura yake alishaipeleka kwa mchezo mwingine, wenye ngoma. Hata hivyo vijana wale walishinda, mchezo bora uliorudishwa jukwaani, wakapanda kupokea huku wakilia.

"Wanapewa zawadi ya kuharibu," Baba alisema. Akazima sauti. "Wewe hukusikia ile ya kweli. Sikiliza."

Akaweka karanga chini, akapiga ngoma polepole kwenye mkono wa kiti, akaimba:

"Ludi, ludi ndani, mulango iko wazi, chakula bado ya moto."

Baba, ambaye R haijawahi kumshinda, ambaye alimcheka Mama kwa herufi hiyo ndoa nzima. Alipofika mwanzo tena alinitazama, akingoja niitikie.

Nikaitikia. "Ludi," niliimba, "ludi ndani."