Walitaka trout wamwagwe kwenye maji vuguvugu ili mheshimiwa apigwe picha

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Hii kitu imenikaa kifuani muda mrefu na leo naitoa yote. Naandika nikiwa na hasira, sitawaficha. Lakini chumvi sitaongeza. Majina nimebadilisha na mto sitautaja. Wenye wanatoka Embu watajijazia wenyewe.

Mimi ni mama wa Mikinduri. Nilisomea mambo ya samaki, na kwa miaka kadhaa nilikuwa naongoza program ya kutunza mito inayoshuka kutoka mlimani, upande wa Meru na upande wa Embu. Ofisi ilikuwa Meru town lakini kazi yenyewe ilikuwa huko juu kwenye baridi, viatu vimejaa tope.

Lengo lilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya. Mito isikauke, na samaki wa maji baridi, trout, warudi mahali walikuwa wameisha.

Kabla mtu hajanirukia kwenye comments, najua trout waliletwa na wazungu. Sijasema ni wa babu yangu. Lakini huyo samaki hana uvumilivu. Maji yakipata joto kidogo au yakichafuka, anakufa. Kwa hivyo ukimkuta mtoni, jua hayo maji ni mazima, na ni hayo hayo watu wa chini wanakunywa.

Sasa niwajulishe watu wawili.

Wa kwanza ni Mama Wawira, chairlady wa kikundi cha mto upande wa Embu. Tulipoanza, shamba lake lilikuwa limeshuka mpaka ndani ya maji. Alikuwa na nduma hapo kando, za kula na za kuuza, safi kabisa. Mimi ndiye nilimwambia azing'oe apande mianzi. Akaniuliza, "Madam, ukiniondolea hizi nduma, mto utarudi kweli?"

Nikamwambia utarudi. Akang'oa. Na baada yake wengine wakang'oa, wengine wakakata bluegum zao, ile miti inayonyonya maji. Hao watu walitoa chakula kwa mdomo wao kwa sababu ya neno langu.

Wa pili ni Nyaga, yeye ndiye alikuwa anatulelea vifaranga vya trout kwa vidimbwi huko karibu na msitu. Nyaga anaongea na samaki kama watoto wa nursery. Anawakaripia, anawabembeleza, anawaambia wale polepole. Alikuwa amewalea tangu wakiwa mayai.

Mpango ulikuwa tuwaachilie hapo juu juu, chini ya maporomoko madogo, mahali maji yanauma mifupa. Gari haifiki mpaka mwisho, lazima ubebe ndoo kwa miguu. Sisi hiyo haikutusumbua.

Wiki ya kuwaachilia, mkurugenzi wetu akaniita ofisini.

Nilikuta amefurahi. Ati mheshimiwa fulani amekubali kuja kuzindua. Kwa hivyo mahali pamebadilika, tutafanyia daraja ya chini, karibu na soko, kuna lami na kuna uwanja wa tenti.

Nikadhani hajaelewa. Nikamweleza polepole. "Sir, hapo chini saa hii ni kiangazi. Maji yamepungua mpaka mawe yanaonekana. Ni ya vuguvugu. Hawa samaki hawatamaliza hata mchana."

Akacheka. "Kwani maji si ni maji?"

"Sir, si maji yote."

"Wewe hebu fikiria. Huko juu gari ya mheshimiwa itapitia wapi? Na nani atampigia makofi, tumbili?"

Nikamwomba basi tufanye sherehe huko chini kwa maneno tu, samaki tuwapeleke juu kimya kimya. Akakataa. Ati watu wa kamera wanataka kuona samaki wakimwagwa. Nikamuuliza, na wakifa mbele ya hizo kamera?

Hapo uso ukabadilika. "Wakifa, wewe ndiye utakuwa umeshindwa kuwatunza. Wewe si ndiye mtaalamu? Tafuta njia."

Wakuu, niliwahi kutukanwa maishani, lakini hiyo "tafuta njia" sijawahi kuisahau. Mtu anakupa amri ya kuua, halafu anakuachia na mazishi.

Siku yenyewe jua lilitoka kama limetumwa. Tenti, viti vya plastiki, spika zinapiga gospel. Mama Wawira na wenzake walikuwa wamevalishwa T-shirt zenye uso wa mheshimiwa, wao ndio walikuwa waimbe akifika.

Samaki walikuwa nyuma ya pickup kwenye mitungi mikubwa ya plastiki. Nyaga amefunika na magunia yaliyoloweshwa, anatia barafu aliyotafuta sokoni, anawapulizia hewa na kamashine kake. Mheshimiwa hakuna. Ati yuko njiani. Baadaye tena, yuko njiani.

Barafu ikaisha.

Nyaga akaniita, akafungua gunia kidogo nikachungulia. Walikuwa wameanza kupanda juu wakihema, midomo wazi. Akaniambia, "Madam, hawa wanakufa hapa hapa. Hata mtoni hawatafika."

Nikaangalia kule tenti. Mkurugenzi alikuwa anapanga viti vya mbele.

Nikamwambia Nyaga, washa gari.

Mama Wawira alikuwa amesimama karibu, akasikia. Akawaita wenzake kwa Kiembu, wale mama wakapanda pickup na hizo T-shirt zao, wengine wakarukia boda boda, wakaondoka.

Mtungi mmoja tulibakisha. Bila huo watu wa ofisi wangefuata gari barabarani na kuwarudisha wote. Nilikubali hao wa mtungi mmoja wafe ili wengine wapone, na mpaka leo nikikumbuka nasikia uchungu.

Mimi nilibaki. Sikutaka mtu aseme nilitoroka.

Mheshimiwa alipofika hakukuwa na waimbaji. Mkurugenzi akaniuliza huku ameuma meno, "Wale mama wako wapi? Na gari?" Nikamwambia wamepeleka samaki nyumbani. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanifinya huku anatabasamu kwa ajili ya watu. Mwenye ameshawahi kufinywa hivyo anajua hiyo tabasamu.

Hotuba zikaenda. Mazingira, vizazi vijavyo, rais, chama. Kisha mheshimiwa akashushwa kwa maji, akashikiwa viatu, akapewa mtungi. Kamera zikakaribia. Akamwaga.

Wale samaki walizunguka mara moja, wakalala ubavu.

MC akawahi mic, "Wamechoka na safari! Wapigieni makofi waamke!"

Na watu wakapiga makofi, wakuu. Wakapigia maiti makofi.

Mpaka jamaa mmoja wa boda boda akapaza sauti kutoka darajani, "Mheshimiwa, hao samaki wako wamezimia!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama mmoja wa soko akashuka na karai, akaanza kuokota. Mheshimiwa akavaa viatu vyake, akaingia gari, hakuaga mtu.

Huko juu, haya nilielezwa na Mama Wawira, gari ilikwama mahali barabara inaishia. Wakabeba ndoo kichwani kupitia mashamba ya majani chai mpaka ndani ya msitu, wakiteleza, T-shirt zimelowa. Wengine walikufa njiani. Wengi walifika. Aliniambia walipowamwaga kwenye lile dimbwi chini ya maporomoko, samaki walikaa chini kimya kidogo, halafu wakapotea kwa mawe kama wanajua njia. Hapo ndipo mama wakaimba ule wimbo wa mheshimiwa, lakini jina lake wakalitoa.

Niliitwa ofisini.

Nilikuwa nimejitayarisha kujibu kuhusu samaki. Wakuu, hakuna hata mtu mmoja kwenye ile meza aliuliza samaki wangapi walikufa. Hakuna aliyeuliza wangapi walipona. Waliuliza nani alilipanga lile jamaa la boda boda liseme maneno.

Mkurugenzi akasema, "Umeniaibisha." Akarudia. "Umeniaibisha mimi."

Program nikanyang'anywa. Nikapelekwa mambo ya mabwawa ya tilapia, kwa dawati la kona. Kazi yangu ikapewa kijana wa mambo ya habari, mtu mpole, simchukii. Lakini siku namkabidhi ofisi aliniuliza, "Madam, hawa trout hupandwa mwezi gani?" Nikatoka nje nikakaa kwa ngazi.

Halafu picha zikatoka. Mheshimiwa anamwaga samaki, anatabasamu, mto umerudi kuwa hai. Wamekata pale wanapolala ubavu. Chini ya picha wameandika daraja ya chini kuwa ndipo makao mapya ya trout.

Nilienda kumwona Mama Wawira, nimwombe msamaha. Nikakuta amepanda nduma tena kando ya maji. Hakujificha.

"Nimezirudisha," akaniambia. "Wewe sikulaumu. Lakini watu wa ofisi yako sitawang'olea hata jani moja tena."

Nikashika njia ya kurudi Meru.

Mvua zilipopita nikapanda juu na Nyaga, siku yangu ya off, kwa nauli yangu. Tulilala tumbo juu ya mwamba tukachungulia. Walikuwepo. Wamekua, wamenenepa, wanaruka kukamata wadudu. Nyaga akaanza kuwaongelesha, akawaambia wale polepole.

Mngedhani stori inaishia hapo vizuri. Haiishii.

Hapo hapo juu ya dimbwi tukakuta mtaro unachimbwa na paipu kubwa nyeusi zimelazwa kwa nyasi. Wachimbaji wakatuambia kuna tajiri anataka kuvuta maji yote ya kiangazi kwa shamba lake la maua. Nikapiga simu kwa ofisi yangu ya zamani, nikamwambia yule kijana aje asimamishe, huko kuna trout.

Nikasikia akibonyeza kompyuta. Akarudi kwa simu na adabu zake zote.

"Madam, kwa rekodi zetu hapo hakuna samaki. Samaki wako daraja ya chini."

Mmesikia hiyo? Wale waliokufa ndio wako kwa rekodi. Wale wazima hawako. Na kwa sababu hawako, hakuna mtu wa kuwalinda.

Yule mwenye alisaidia si ofisi. Ni Mama Wawira, na nduma zake kando ya mto, ndiye, nilipomweleza, alipanda mlimani na kikundi chake wakakaa ndani ya ule mtaro na vikapu vyao vya chakula. Wachimbaji walibishana nao, wakachoka, wakaenda. Mpaka leo wale mama wanapokezana kwenda kuangalia. Hawalipwi na mtu. Paipu bado ziko hapo kwa nyasi, na kiangazi kinakuja.

Nilichojifunza ni hiki. Nilibishana na mkubwa ndani ya ofisi, mlango umefungwa, nikidhani ukweli ukisemwa kwa heshima unatosha. Hautoshi. Ningeita kikundi chote cha mto siku ile ile, niwaambie mahali pamebadilishwa na kwa nini, wakasimama pale darajani kabla tenti hazijafika. Mto ni wa wenye wanakunywa maji yake. Hao ndio wa kwanza kuambiwa, si wa mwisho. Na ukiahidi mtu kitu ili ang'oe chakula chake, jua umemkopa, na ofisi yako haitakulipia.

Najua watu watakuja kuniambia ningenyamaza nihifadhi kazi. Karibuni, nimeshaambiwa na ndugu zangu, hamtanishtua.

Lakini nataka zaidi kusikia kutoka kwa mwenye ameshawahi kuzuia paipu ya aina hii akashinda, awe wa Meru, Embu au kwingine kokote. Mlianzia wapi? Nani alisikiliza? Mama Wawira hana simu ya internet, kwa hivyo mtakachoandika hapa nitamsomea.